Jogoo la shamba likiwika ukutani kwa jirani

WAHENGA walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Walikuwa wakimsema mgeni anayeingia mjini na mbwembwe za kijijini, kisha akakuta hazimsaidii kitu. Methali hiyo haikusema lolote kuhusu jogoo anayebaki pale pale shambani, halafu mji ukamfuata alipo.

Hilo ndilo lililotokea katika vijiji vya Nyamongo, wilayani Tarime, mkoani Mara. Genkuru ni miongoni mwa vijiji hivyo, vinavyopakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002.

Kwa desturi ya Wakurya, mji wa mtu ulijitegemea. Nyumba zililizunguka zizi la ng'ombe, na kati ya mji mmoja na mwingine palikuwa na shamba la ulezi, mtama, mihogo au mahindi. Jogoo aliwika, sauti ikapita juu ya mazao, ikamfikia jirani ikiwa imechoka. Hakuna aliyeiita kelele. Ilikuwa saa ya ukutani kwa watu wasiokuwa na saa.

Dhahabu ilileta watu wa kila aina: waajiriwa wa mgodi, wachimbaji wadogo, wafanyabiashara, mama lishe na madereva. Vyumba vya kupangisha vikaota. Pamoja navyo ukaja ule mtindo ambao wenyeji wa Nyamongo wanauita "tegesha", yaani kujenga upesi upesi mahali panapotarajiwa kutwaliwa, ili fidia ikija imkute mtu ana jengo.

Matokeo ya hayo yote ni kwamba katika eneo hilo kijiji kimevaa sura ya mji bila kupewa utaratibu wa mji. Kuta zinagusana, lakini mabanda ya kuku yamebaki pale yalipokuwa. Jogoo aliyekuwa akiwika mwisho wa shamba sasa anawika mita mbili kutoka kwenye kichwa cha mpangaji aliyerudi kutoka zamu ya usiku.

Kwa anayeishi mbali, jambo hili laweza kuonekana la kuchekesha. Kwa anayeamshwa saa tisa usiku, akaamshwa tena saa kumi, na saa kumi na moja, kila siku ya mwaka, halichekeshi hata kidogo. Wala halimchekeshi mwenye jogoo anayeambiwa na mpangaji wa juzi kwamba amchinje kuku aliyemlea kwa miezi mingi.

Huo ndio msingi wa mgogoro. Pande mbili zina haki, na kila upande unaona haki yake peke yake.

Usingizi ni haki, kuku ni akiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Usingizi hauko nje ya mipaka hiyo. Mtu asiyelala vizuri hafanyi kazi vizuri, na katika eneo la mgodi, mfanyakazi mwenye usingizi kazini ni hatari kwake na kwa wenzake.

Kwa upande mwingine, kuku wa kienyeji ni benki ndogo ya kaya maskini. Mtoto akiugua usiku, ni jogoo anayeuzwa asubuhi ili ipatikane nauli ya zahanati. Mgeni wa heshima akifika, ni jogoo anayekamatwa. Sikukuu ya Krismasi au Idi ikikaribia, bei ya jogoo hupanda na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mama, hupata fedha asizolazimika kumwomba mtu.

Jogoo pia ana heshima yake katika imani. Mkristo anamkumbuka katika kisa cha Petro kumkana Bwana wake. Katika mapokeo ya Kiislamu ipo hadithi inayokataza kumtukana jogoo, kwa sababu huwaamsha watu kwa ajili ya swala. Anayemwendea mwenzake na matusi juu ya jogoo hugusa mambo mengi kuliko anavyodhani.

Kwa nini hanyamazi

Wengi wanaamini jogoo huwika kwa sababu ameona mwanga. Utafiti wa Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa jambo hilo ni nusu tu ya ukweli.

Watafiti hao waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, mahali pasipokuwa na mapambazuko. Ndege hao waliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Jogoo ana saa yake ndani ya mwili, nayo humwambia awike kiasi cha saa mbili hivi kabla ya mwanga kutokea. Ndiyo maana giza peke yake halimnyamazishi kabisa.

Hata hivyo, utafiti huo ulionyesha pia kuwa mwanga na sauti za majogoo wengine humchochea. Taa ya umeme inayowashwa uani usiku, mwanga wa lori linalopita au mlio wa jogoo wa nyumba ya tatu, vyote vyaweza kumwamsha na kumfanya ajibu.

Mwaka 2015 watafiti wa kundi hilo walitoa matokeo mengine yanayowahusu moja kwa moja majirani wanaogombana. Majogoo wanaoishi pamoja hupangana kwa cheo. Mkubwa wao ndiye hufungua uwikaji wa alfajiri, na wengine hufuata kwa zamu kulingana na ukubwa wao. Mkubwa akiondolewa, wa pili hushika nafasi yake na kuanza yeye.

Maana yake ni nyepesi kueleweka. Pale ambapo majogoo ni wengi, kumchinja mmoja hakuleti kimya. Kunabadilisha tu mwenye kuanza. Jirani aliyeshinda ugomvi na kuona jogoo wa nyumba ya kwanza akiingia chunguni atashangaa kesho yake kusikia wa nyumba ya pili akipokea usukani.

Sauti yenyewe si ndogo. Wanasayansi wa Ubelgiji waliopima uwikaji kwa kuweka vinasa sauti karibu na masikio ya jogoo mwenyewe walikuta sauti inayozidi desibeli 130. Waligundua pia kwamba anapofungua mdomo kuwika, tundu la sikio lake hujifunga, na hivyo hakizibi masikio kwa mlio wake mwenyewe. Maumbile yamemkinga jogoo na sauti yake. Jirani hakupewa kinga hiyo.

Sheria inafika wapi

Wapo wanaodhani dawa ya mgogoro huu ni kwenda kushitaki. Sheria ipo, lakini haikutungwa ikimfikiria jogoo.

Kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinasimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Operesheni zake zinazojulikana zaidi na wakazi wa miji zimelenga baa, kumbi za starehe na wapiga muziki wa vipaza sauti. Ni vigumu kumtegemea ofisa wa NEMC afunge safari hadi kijijini kupima desibeli za jogoo mmoja saa kumi alfajiri. Na hata akifika, muziki huzimwa kwa amri, jogoo hazimwi.

Kanuni ya Adhabu nayo inatambua kosa la kusababisha kero kwa umma. Lakini kosa hilo linahusu usumbufu unaowapata watu kwa ujumla, na mlalamikaji mmoja dhidi ya jogoo mmoja atakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba umma umeudhika.

Njia ya tatu ni madai ya kero binafsi, ambayo asili yake ni sheria ya Uingereza iliyojengwa na hukumu za majaji. Mahakama za Tanzania zilirithi kanuni za sheria hiyo kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe hiyo haziwafungi majaji wa Tanzania, ila zaweza kuwashawishi.

Miongoni mwa hukumu hizo za baadaye ipo moja inayohusu majogoo hasa. Ni ya mwaka 1936, katika kesi ya Leeman dhidi ya Montagu. Mlalamikaji alikuwa amenunua nyumba katika eneo ambalo kwa sehemu lilikuwa la mashamba, lakini zaidi lilikuwa la makazi. Kiasi cha yadi 100 kutoka kwake, mfugaji alikuwa na majogoo 750 waliowika kuanzia saa nane usiku hadi saa moja asubuhi. Mahakama iliona hiyo ni kero na ikatoa zuio. Kilichomponza mfugaji ni kwamba hakuwa amejaribu kupanga upya shamba lake ili kupunguza usumbufu.

Kesi ya pili inatoka Ufaransa. Katika kisiwa cha Oléron, wastaafu waliokuwa na nyumba ya mapumziko walimshitaki jirani yao kwa sababu ya jogoo aliyeitwa Maurice. Septemba 5, 2019, mahakama ya Rochefort iliyatupilia mbali madai yao na kuwaamuru wamlipe mwenye jogoo fidia ya euro 1,000. Januari 2021 nchi hiyo ikatunga sheria inayozitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa vijiji.

Ukizisoma kesi hizi mbili kwa haraka utasema zinapingana. Ukizisoma kwa makini utaona zinauliza maswali yale yale. Majogoo ni wangapi? Wanawika saa ngapi? Mahali penyewe ni pa namna gani? Je, mwenye jogoo amefanya juhudi yoyote ya kumpunguzia mwenzake adha?

Swali la tatu ndilo gumu kwa Genkuru. Mwenyeji atasema hapa ni kijijini, na aliyehamia alimkuta jogoo. Mpangaji atasema hapa ni mjini, kwa kuwa analipa kodi ya chumba, amezungukwa na kuta na hana hata mahali pa kuanika nguo. Wote wawili wanasema kweli.

Swali la nne halimwachii mwenyeji nafasi ya kukaa kimya. "Nilikuwapo kabla yako" ni hoja nzito, lakini haitoshi peke yake ikiwa hata banda hajalisogeza.

Banda kabla ya baraza

Yapo mambo yanayoweza kufanyika kwa gharama ndogo, na yote yanaanzia bandani.

La kwanza ni idadi. Jogoo mmoja anatosha kuhudumia mitetea wanane hadi kumi. Kaya yenye kuku sita haina sababu ya kufuga majogoo watatu, isipokuwa inawangojea wafikie bei ya sikukuu. Kuku hutaga bila jogoo. Jogoo huhitajika pale tu mfugaji anapotaka mayai ya kuangua vifaranga. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula au kuuza anaweza kuishi bila jogoo kabisa.

Hapa ndipo majirani wanaweza kupatana. Nyumba tatu au nne zikikubaliana kumtumia jogoo mmoja bora kwa kupokezana, zitapunguza mashindano ya kuwika ambayo watafiti wa Nagoya waliyaeleza. Baada ya mwaka zikibadilishana jogoo na kitongoji kingine, zitaepuka pia kuku kuzaliana ndugu kwa ndugu, jambo linalodhoofisha vifaranga.

La pili ni umbali. Katika eneo la wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa karibu desibeli sita. Banda likihamishwa kutoka mita tatu hadi mita 12 kutoka dirishani kwa jirani, upungufu ni kama desibeli 12. Kiwanja kikiwa kidogo, banda liwekwe upande ambao nyumba ya mwenye kuku ndiyo itakayokuwa ukuta kati ya jogoo na jirani. Ni haki mwenye jogoo awe wa kwanza kumsikia.

La tatu ni giza. Banda la tofali au la udongo lenye matundu ya hewa yasiyoelekea mashariki wala kwenye taa ya uani humchelewesha jogoo, ingawa halimzuii moja kwa moja. Akifunguliwa saa moja asubuhi badala ya kuachwa alale mtini au juu ya paa, sehemu kubwa ya uwikaji wake wa alfajiri itabaki ndani ya kuta. Banda imara lina faida nyingine ambayo mfugaji yeyote anaijua: huzuia wezi na vicheche.

La nne ni kimo. Jogoo hunyoosha shingo anapowika kwa nguvu. Wapo wafugaji wanaomlaza usiku mahali pa chini, anapoweza kusimama na kugeuka lakini hawezi kujinyoosha kikamilifu. Njia hiyo inafaa kwa usiku tu, na kwa sharti kwamba hewa inapita vizuri. Kumfungia hivyo mchana kutwa ni kumtesa.

Mambo mengine hayafai. Mkanda wa kubana shingo unaouzwa katika nchi kadhaa unaweza kumkaba ndege, na kumpasua ili kumwondolea sauti ni ukatili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Lisilofaa kuliko yote ni sumu. Jirani anayerusha punje zilizotiwa dawa uani kwa mwenzake anatenda jinai, kwani kumuua kwa makusudi mnyama wa mtu mwingine ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Punje hizo pia hazichagui. Bata atazila, na mtoto anayetambaa ataziokota.

Kijiji kiseme kabla ya mahakama

Bado lipo tatizo ambalo banda peke yake haliwezi kulitatua. Watu wa eneo hili hawajakaa pamoja na kukubaliana wanaishi mahali pa namna gani.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mara nyingi chombo hicho hutumika kwa mambo ya usafi, ulinzi na mifugo inayoharibu mazao. Hakuna kinachokizuia kijiji kuamua umbali wa banda kutoka nyumba ya jirani, idadi ya majogoo kwa kaya katika eneo lenye msongamano, na saa ya kuwafungulia kuku.

Sheria ndogo ya namna hiyo ingekuwa na faida ambayo kesi haina. Ingemhusu kila mtu, mwenyeji na mgeni, na isingemlenga mtu mmoja. Mwenye jogoo asingejiona amenyanyaswa na mpangaji, na mpangaji asingejiona mgeni asiye na sauti.

Wageni nao wana wajibu. Anayepanga chumba kijijini aangalie uani kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Akiudhika, amwendee mwenye jogoo mchana, akiwa ametulia, aanze kwa salamu na kuuliza hali, kisha aeleze shida yake. Kugonga mlango wa mtu saa kumi alfajiri ukiwa na hasira ni kumpa sababu ya kumnunua jogoo wa pili.

Mazungumzo yakishindikana, mwenyekiti wa kitongoji yupo. Baada yake lipo Baraza la Kata, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, ambacho kazi yake ya kwanza ni kutafuta amani na suluhu. Polisi na mahakama viwe mwisho wa njia.

Tarime inajua gharama ya migogoro iliyoachwa ikakua. Ni eneo lililoshuhudia mapigano ya koo yaliyotokana na ardhi na wizi wa mifugo, na hatimaye likawekewa mkoa wake wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Si kwamba jogoo mmoja ataleta vita. Lakini majirani ambao hawasalimiani kwa sababu ya jogoo hawatasaidiana siku ya moto, siku ya msiba au siku mwizi atakapopita.

Wapo watakaosema ni anasa kujadili jogoo katika vijiji ambako watu wanalalamikia milipuko ya baruti, vumbi na fidia. Hoja hiyo ina uzito, lakini yaweza kugeuzwa. Mwananchi anayedai mwenye mtambo mkubwa aheshimu usingizi wake atakuwa na ulimi mkali zaidi ikiwa naye anaheshimu usingizi wa aliye upande wa pili wa ukuta. Mtu hawezi kudai ujirani mwema kutoka juu huku akiunyima pembeni.

Mji umekwisha kuingia shambani, na hautarudi ulikotoka. Jogoo naye ataendelea kuwika, kwa kuwa saa yake iko ndani ya mwili wala haijui bei ya chumba. Viumbe pekee wanaoweza kubadili tabia katika mgogoro huu ni wale wawili wanaotenganishwa na ukuta mmoja. Wakizungumza leo mchana, huenda kesho alfajiri mmoja wao akalala hadi saa kumi na mbili, na mwingine akabaki na jogoo wake wa Krismasi.